Diski Ndani ya Gunia la Mchele

Mimi simwamini mtu anayekupa habari ya msiba kabla hujauliza hali ya mgonjwa. Amisi alinifanyia hivyo. Nilikuwa hata sijakaa kwenye benchi la sekretaria yake, duka la kuchapa barua na kupiga picha kule Mulongwe, Uvira, miguu yangu bado ina vumbi la barabara ya Gatumba, akaniambia bila kunitazama usoni:

"Karibu, Mama Térence. Pole na njia. Ile disque iko imekufa."

Nani alikuwa amemwuliza habari ya diski? Ni kweli nilikuwa nimeijia hiyo hiyo, lakini yeye alijuaje? Mwenye duka humsubiri mteja aseme shida yake. Huyu alikuwa ameshaandaa jibu na kulipanga mezani kama bidhaa. Nikamwangalia mikono. Ilikuwa inafuta kibodi ambayo haikuunganishwa na kitu chochote.

Tulikuwa ndiyo tumerudi kutoka Burundi. Milio ya bunduki ilipoanza kushuka kutoka milimani, mji mzima ulikimbilia mpakani Kavimvira, kila mtu na godoro lake, na katika msongamano ule mwanangu Térence hakuonekana. Ni mtoto wangu wa pekee, alikuwa anamaliza sekondari. Wengine waliniambia wamemwona karibu na daraja, wengine wakasema hapana, na mmoja alisema amemwona lakini hakukumbuka kama alikuwa mrefu au mfupi. Nilipofika nyumbani Nyamianda nikakuta bati limeondoka, mlango umeondoka, na albamu ya picha ilikuwa imechomwa pamoja na viti ili watu wapike. Nani anapika kwa picha za ubatizo, sijui.

Kulikuwa na ofisi iliyotafuta waliopotea. Walibandika picha kwenye makaratasi makubwa, wakayapeleka kambini, bandarini, mpaka Kigoma. Dada aliyenipokea aliitwa Sidonie, msichana mpole, na aliniambia neno moja lililonikaa kichwani: "Mama, bila picha tunatafuta nani? Ma-Térence ni mengi."

Picha moja tu ilikuwa imebaki duniani. Amisi ndiye aliyeipiga, kwa ajili ya kadi ya shule, siku chache kabla ya milio, na haikuwa imechapwa bado. Ilikuwa ndani ya mashine.

Amisi huyu, Baba Mwamvua kama tulivyomwita kwa heshima ya binti yake, ni wa zile familia za Waislamu wa Uvira ambao mababu zao walikuja na biashara ya ziwa. Alikuwa mtu mtaratibu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa wa kwanza Mulongwe kuwa na kamera isiyohitaji filamu. Mashine yake ilikuwa ya Windows 98, na alikuwa anaitaja hivyo, tisini na nane, kama mtu anavyotaja kabila lake. Ukutani alitundika koti moja jeusi. Kila mwanafunzi aliyepigwa picha alivaa koti hilo, mnene kwa mwembamba, kwa hiyo ukizikusanya kadi zote za shule za miaka ile utadhani Uvira nzima tulikuwa na koti moja tu, tunaazimana.

Sasa, kompyuta za Uvira wakati ule zilikuwa na tabia yao. Hazikuwa na ubavu. Bamba la pembeni liliondolewa siku mashine ilipoingia mjini na halikurudishwa tena. Mgeni alidhani ni uchafu au umaskini. Hapana. Ni kwa sababu ya mbio. Mlio wa kwanza ukisikika, mwenye sekretaria anaingiza mkono, anachomoa waya mbili, anatoka na diski, na sanduku analiachia waporaji. Wabebe tu. Tulikuwa tunasema mashine ina mwili na ina roho, na mwenye akili anakimbia na roho.

Na mimi nilimwona Amisi akikimbia na roho ya mashine yake. Nilimwona kwa macho haya. Kule Gatumba tulikaa chini ya turubai moja, na yeye alikuwa na gunia dogo la mchele ambalo hakuliacha hata akienda kuswali. Siku alipolifungua tupike, nikaona kona ya kitu cha chuma kinang'aa kati ya punje. Aliifukia haraka. Ilikuwa nzima, kavu, imelala kwenye mchele kama yai. Sasa ilikufa lini? Ilikufa kwa ugonjwa gani?

"Baba Mwamvua," nikamwambia, "minye niliiona kule Gatumba. Ilikuwa muzima."

"Ilikufa njiani."

"Njiani wapi? Tulirudi pamoja."

Akakohoa. "Hata kama ni muzima, Mama Térence, mashine haiko. Balibeba. Ngoja nipate ingine."

Ona. Kwanza imekufa, halafu ni nzima lakini haina mashine. Njia ya mwongo ni fupi, na huyu alikuwa hajafika hata kwenye kona.

Nikangoja. Baada ya muda akapata mashine kwa shemeji yake wa Bujumbura, kuukuu, rangi yake kama meno ya mvuta tumbaku. Nikaenda siku hiyo hiyo. Safari hii diski ilitoka, aliileta mwenyewe kutoka nyumbani ndani ya kitambaa, akaiunganisha mbele yangu, groupe, jenereta yake, ikapigwa kamba, ikanguruma, kioo kikawaka. Tukaangalia. Mashine ikaandika maneno, ikakaa, ikakataa.

"Hii iko ni ya zamani," Amisi akasema. "Ni Windows 95. Ile disque yangu ni ya tisini na nane, na ni kubwa. Hii mashine haijui kitu kikubwa hivi. Haiko inaiona."

"Kati ya tisini na tano na tisini na nane ni miaka mitatu tu. Mutu na mudogo wake banapishana miaka mitatu, banaongea."

"Mashine si batu, Mama Térence."

Alichomoa diski akairudisha kwenye kitambaa, na nikaona kitu ambacho kilinikosesha raha njia nzima: alishusha pumzi. Mtu aliyeshindwa kumsaidia mwenzake huwa na huzuni kidogo. Yeye alikuwa amepona.

Basi nikaanza kuangalia vizuri nani anakaa kwenye lile benchi lake. Walikaa askari wa wale waliokuwa wanatawala mji. Walikunywa chai yake, aliwaandikia ordre de mission zao, zile barua za safari za kikazi, wakamwita mzee. Wakati huo vijana wengi walikuwa wanachukuliwa kwa sababu mtu amewataja, na kumtaja mtu kunahitaji sura. Amisi alikuwa na sura za mji mzima kwenye gunia la mchele. Nitasema wazi kilichokuwa moyoni: nilianza kuamini kwamba amemuuza mtoto wangu. Nilipompitia barabarani nilimsalimu kwa mdomo tu. Mkewe alinipa chakula cha Idi nikala, lakini nilikula huku namchunguza.

Sidonie aliendelea kuniuliza picha, na mimi niliendelea kumwambia wiki ijayo. Makaratasi ya wengine yalibandikwa, mvua ikayanyeshea, yakabandikwa mengine. Wapo walioonekana. Mama mmoja wa Nyamianda alipigiwa simu kutoka Kigoma, akapiga vigelegele mpaka akaishiwa sauti. Nilimpongeza, nikaenda nyumbani nikalia kwa hasira, si kwa wivu, ingawa wivu nao ulikuwepo.

Halafu Amisi akapata mashine mpya. Mpya kabisa, nyeusi, na ndani yake Windows XP, yenye kile kilima cha kijani kilichonikumbusha uwanda wa Luberizi baada ya mvua. Nilifika kabla hajamaliza kutoa plastiki.

"Haiwezekani," akasema.

"Haiwezekani nini? Sijasema kitu."

"Hii iko mupya sana, Mama Térence. Ile disque ni ya zamani. Système hii haijue mambo ya zamani."

Nikasimama. "Amisi!" Hapo Baba Mwamvua alikuwa amekwenda, amebaki Amisi mtupu. "Mashine ya kwanza ilikuwa ya zamani sana, haikuona. Hii ni mupya sana, haione. Ile ya katikati iko inazaliwa lini? Weye unanifanya minye mujinga?"

Askari mmoja kwenye benchi akacheka. Amisi hakucheka. Alimwangalia yule askari, akaniangalia mimi, akasema polepole, "Rudi nyumbani, mama. Tafazali." Kulikuwa na woga machoni pake, nami nikausoma woga ule nilivyotaka kuusoma.

Mimi ni mzaliwa wa Luberizi, Kirundi ndicho nilichonyonya, na Bujumbura ninapeleka mchele tangu ujana. Nikaenda huko kwa fundi anayeitwa Havyarimana, mwenye kibanda kilichojaa matumbo ya kompyuta. Nikamweleza yote. Alisikiliza huku anakwangua kitu kwa wembe.

"Mara ya kwanza hakukudanganya," akasema. "Ya zamani haisomi ya mpya. Haiwezi, haikufundishwa. Lakini ya mpya inasoma ya zamani. Ndivyo zinavyotengenezwa, mdogo anamwelewa mkubwa. Hiyo XP inaifungua diski ya tisini na nane bila shida."

"Kwa hiyo mara ya pili..."

"Mara ya pili muulize mwenyewe."

Akanionyesha diski mbili kwenye utepe mmoja mpana. Akanionyesha nyuma ya kila moja kuna kidude kidogo kama punje ya mtama, wanakiita cavalier. Ukikiweka hapa, diski ni bwana. Ukikiweka pale, ni mtumwa. Utepe mmoja unakubali bwana mmoja. Ukiweka mabwana wawili, wanagombana, na mashine haimwoni hata mmoja.

"Hilo mimi naweza kumfundisha mtu," nikamwambia. "Mimi natoka Uvira."

Alicheka mpaka akaangusha wembe.

Nilirudi, na safari hii nilichagua baada tu ya swala ya adhuhuri, askari wameenda kula na Amisi ametoka msikitini. Nikafunga mlango wa sekretaria kwa ndani na kukaa juu ya kiti nilichokiegemeza mlangoni.

"Leta disque," nikasema. "Uiunganishe na hii mupya, minye niko naangalia."

Akaenda nyuma ya pazia, akarudi na kile kitambaa. Akaunganisha diski kwenye utepe, pamoja na ile ya mashine yenyewe. Akawasha. Kioo kikabaki cheusi, kikaandika kwamba hakuna diski.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona. Nimeona hata ile yake haiko. Asubuhi mashine hii ilikuwa inafanya kazi. Sasa imesahau hata roho yake? Ondoa ile punje huko nyuma, Amisi. Uliweka mabwana wawili."

Mikono yake ikashuka. Hakuuliza nani amenifundisha. Alikaa kwenye sakafu, mtu mzima na kofia yake, akajifuta uso kwa kile kitambaa cha diski.

"Niambie ulimuuza kwa nani," nikasema. "Minye sitapiga kelele. Niambie tu."

"Kuuza?" Alinyanyua kichwa. "Mama Térence, ulikuwa unawaza hivyo miaka hii yote? Na chakula ya Idi ulikula?"

"Nilikula. Niambie."

Alichukua kibanio, akahamisha punje, akawasha tena. Kilima cha kijani kikaja. Akafungua hapa, akafungua pale, na mtoto wangu akatokea.

Térence. Koti jeusi limempwaya mabegani, shingo ndefu kama ya baba yake, mdomo umebanwa asicheke. Nililitaja jina lake kwa sauti. Nikagusa kioo, kikawa kinaniuma vidole kwa umeme mdogo, sikuondoa mkono.

"Nichapie," nikasema. "Leo Sidonie ataipeleka."

"Ngoja," Amisi akasema. "Uone na ingine, ndiyo utaniambia kama nichape."

Akafungua ya pili. Mahali ni pale pale, ukuta ule ule. Koti halipo. Térence amevaa shati lake la bluu, lile nililoshona bega kwa uzi mweupe kwa kuwa wa bluu uliisha, na ndilo alilotoka nalo asubuhi ile akiniambia anakwenda kupigwa picha ya shule. Shingoni amefungwa kamba ya majani. Pembeni yake kijana mwingine, na majani yake. Amisi akasogeza, wakaja wengine, na wengine. Watoto wa Mulongwe, wa Nyamianda, wa uwandani. Niliwajua nusu yao. Niliwajua mama zao.

"Ni bale ba juu," Amisi akasema kwa sauti ya chini. Wa juu, yaani wale wapiganaji wa milimani, wanaovaa majani kama kinga ya risasi. "Kiongozi wao alitaka kila mutu akuwe na kadi. Walikuja kwangu wakijifanya wanafunzi. Térence alivaa koti, nikamupiga. Halafu akavua koti, akasema, sasa nipige ile ya kweli."

Nikatafuta kitu cha kushika. Kilikuwa utepe, nikauacha.

"Hakupotea," nikasema.

"Hakupotea. Alikwenda."

Alilala nyumbani siku zile zote mpaka milio, na hakuniaga. Asubuhi ile ya picha nilimwamsha, nikampa chai, nikamwambia asichafue kola, na yeye alijua. Nilihisi hasira kubwa kwake, hasira ya kumtwanga kofi mtoto aliye mbali.

"Na weye kwa nini hukuniambia?"

"Hii benchi yangu nani anaikalia? Wakijua sura hizi ziko hapa, minye ni wa kwanza, halafu nyumba kwa nyumba. Na weye, Mama Térence, ungenyamaza? Weye?" Akatikisa kichwa. "Yeye mwenyewe alikujua. Alisema: ile ya koti ni ya mama. Lakini usimupe sasa. Atazunguka nayo kila barrière ya askari akiuliza batu. Umupe vita ikiisha."

Ningezunguka nayo kweli. Nilikuwa njiani kwenda kuibandika bandarini.

"Ungeivunja basi," nikasema mwishoni. "Jiwe moja tu. Ungelala salama."

"Nilinyanyua jiwe." Aliutazama mkono wake. "Hawa bengine hawana picha ingine popote. Si weye tu uko mama."

Hatukuchapa. Tulikaa tukiziangalia sura moja moja, na nikarudi kwa yangu, ile ya koti, mpaka mafuta ya groupe yakaisha na kioo kikazima. Nilimwambia Sidonie kwamba diski imekufa. Aliandika, akanipa pole, na nikaona amenitazama kwa jicho la pembeni.

Térence hakurudi. Niliambiwa ameonekana upande wa Fizi, halafu sikuambiwa kitu. Amisi alifariki kwa ugonjwa wake wa kifua, na baada ya arobaini binti yake Mwamvua alikuja kwangu na gunia dogo kichwani. "Baba alisema mchele huu usiupike," akasema, akaondoka bila kuuliza.

Tangu hapo mashine zimekuja na kuondoka. XP yenyewe imekuwa bibi, vijana wanaicheka. Kompyuta za sasa ni nyembamba kama sahani na hazina hata tundu la kupokea ule utepe mpana. Na mji nao umebadilika mikono, ukabadilika tena, na wanaolikalia benchi leo wana majina mengine na maswali yale yale. Mimi kila punje zikiingia unyevu nabadilisha mchele.

Mwaka huu akaja mwanamke wa Luberizi, Concilie, tuliyekuwa tukikutana kanisani zamani. Mama Libérat, ambaye mwanawe naye hakuonekana tangu milio ile. Alisikia, sijui kwa nani, kwamba diski ya Amisi iko kwangu. Hata hakuwa amekaa vizuri nikamwambia:

"Pole na njia, Mama Libérat. Ile disque iko imekufa. Na mashine za sasa haziko zinaisoma, ni ya zamani sana."

Aliiangalia mikono yangu, na nikagundua nilikuwa ninafuta meza iliyokuwa safi. Akaaga kwa adabu kavu. Nililijua jicho lile. Nilikuwa nimelibeba miaka.

Jana amerudi. Ametokea Bujumbura, na chini ya kikwembe, kitenge chake cha kiunoni, amefunga kebo fupi, upande mmoja mpana wa zamani, upande wa pili mwembamba wa siku hizi. Ameazima na kompyuta ya mpwa wake. Aliviweka mezani kimoja kimoja, kisha akakaa kwenye kiti alichokiegemeza mlangoni.

Nilifungua mdomo kumwambia angoje vita viishe. Nikamwona amezeeka, na mimi pia, na tukakaa tunasikiliza ma-camion ya askari yakipita kwenda Kavimvira. Nikaenda nyuma ya pazia, nikaingiza mkono kwenye mchele.

"Sogea, Mama Libérat," nikamwambia. "Wako iko pembeni ya wangu."